Kupima mwinamo wa ngazi kwa mikono tu

Nimefundishwa juzi na fundi rangi. Ukishaegemeza ngazi ukutani, simama wima, ncha za viatu ziguse miguu ya ngazi, kisha nyoosha mikono mbele usawa wa mabega. Viganja vikifika kwenye kipago bila wewe kuinama wala kukunja viwiko, mwinamo uko sawa: karibu nyuzi 75, yaani mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kwenda juu. Ikisimama mno itakuangusha chali, ikilala mno miguu yake itateleza. Kwenye vigae vilivyolowa au kifusi kipimo hiki hakikuokoi. Hapo funga ngazi kwa kamba juu, na mtu aishike chini (asiyechezea simu).