Bonde Takatifu la Inka, Peru: anzia chini, Cusco iwe mwisho

Bonde hili liko kusini mwa Peru, kando ya mto Urubamba, na ndege ya kulifikia hutua Cusco, mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Anayeujua Kilimanjaro ataelewa upesi: ni sawa na kushushwa kati ya vibanda vya Mandara (mita 2,720) na Horombo (mita 3,720) bila kupiga hatua hata moja. Mwili haujapata siku ya kuzoea hewa nyepesi, ndiyo maana wengi hukesha usiku wa kwanza kichwa kikiwagonga na tumbo likichafuka.

Kwa hiyo usilale Cusco siku ya kwanza. Ukitoka uwanja wa ndege chukua teksi hadi Ollantaytambo, mwendo wa karibu saa mbili, ulale kwenye mita 2,800. Siku hiyo na inayofuata tembea polepole, kunywa maji, kula chakula chepesi jioni, acha pombe. Chai ya majani ya koka inaruhusiwa kule na utakaribishwa nayo kila mahali, ila usirudi na majani hayo nyumbani: nchi nyingi huyahesabu kuwa dawa za kulevya, na hata chai yake huweza kuonekana kwenye kipimo cha mkojo. Dawa ya asetazolamidi, ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, izungumzie na daktari kabla ya safari, kwa kuwa huanzwa siku moja kabla ya kupanda. Mtu akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kuhema hali ameketi, ateremshwe na apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kungoja asubuhi kunaua.

Tiketi ya kufaa kuingilia magofu ni boleto turístico (tiketi ya watalii) ya sehemu: sole 70 (fedha ya Peru), siku mbili, kwa Ollantaytambo, Moray, Pisac na Chinchero. Beba fedha taslimu, na uinunue asubuhi.

Siku ya kwanza ya tiketi, fika kwenye magofu ya Ollantaytambo lango linapofunguliwa saa moja asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajafika. Panda matuta taratibu hadi kwenye mawe sita makubwa ya rangi ya waridi. Yalichimbwa Kachiqhata, mlima wa ng'ambo ya mto, yakavushwa hadi hapa. Hapa ndipo Manco Inca, mfalme wa Wainka, alipomrudisha nyuma Hernando Pizarro, kamanda wa Wahispania, miaka ya 1530. Usiondoke bila kupita vichochoro vya mjini: watu wanaishi bado ndani ya kuta za Kiinka, maji yakipita mifereji ileile.

Mchana panda colectivo, gari dogo linaloondoka likijaa kama daladala au matatu, ushukie njia panda ya Maras. Teksi za hapo hukuzungusha Moray, matuta ya Kiinka yenye umbo la duara, na madimbwi ya chumvi. Chumvi ina kiingilio chake, nje ya boleto, na tangu 2019 hairuhusiwi kutembea kati ya madimbwi.

Siku ya pili anza Pisac. Kosa la kawaida ni kupanda magofuni kwa miguu kutoka mjini, ngazi zikammaliza mtu kabla hajaona kitu. Panda kwa teksi hadi lango la juu, kisha teremka kwa miguu kupitia matuta hadi sokoni. Tenga saa mbili, na viatu viwe na meno, maana mawe huteleza, hasa Desemba hadi Machi mvua inaponyesha.

Chinchero, mita 3,760, ifuate alasiri, mwili ukiwa umeshazoea. Kutoka hapo Cusco ni mteremko.