Kuzinduka usiku: lipi la kuacha, lipi la kurekebisha

Mtu mzima mwenye afya njema huzinduka mara 10 hadi 20 hivi katika kila saa ya usingizi, na idadi hupanda kadiri umri unavyosonga. Wapimaji wa usingizi huhesabu mzinduko mmoja pale mawimbi ya ubongo yanapobadilika ghafla kwa sekunde 3 au zaidi, baada ya angalau sekunde 10 za usingizi uliotulia. Asubuhi hukumbuki hata mmoja. Usijaribu kuimaliza, haimaliziki. Kazi ni kuzuia mzinduko wa sekunde tano usigeuke saa nzima ya kukodolea dari macho.

(Saa ya mkononi inayodai uliamka mara 23 haisomi ubongo. Inakisia kwa mapigo ya moyo na jinsi unavyojigeuza.)

Nairobi, mchokozi mkuu ni kelele. Feni inayovuma sawasawa utaizoea. Honi ya matatu, mbwa wa jirani na spika za kesha ya Ijumaa hupaa ghafla, na ni huko kupaa kunakozindua. Nunua vizibo vya masikio vya sponji, lakini uvivae vizuri: kisokote kizibo kwa vidole vikavu hadi kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kisukume ndani, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 30 kivimbe humo. Wengi hukiachilia mapema, kikavimbia mlangoni mwa sikio, halafu wanasema vizibo ni bure.

Julai, baridi ya alfajiri hufika nyuzi 10 hivi. Blanketi la pili likae miguuni, ulivute bila kuwasha taa.

Chai nayo ina kafeini, hata ikiwa ya maziwa. Takriban saa tano baada ya kunywa, nusu yake bado imo mwilini, kwa hiyo kikombe cha mwisho kiwe saa tisa alasiri. Pombe hukulaza upesi, kisha ikiisha mwilini huvurugavuruga nusu ya pili ya usiku.

Ukishtuka, usitazame saa. Ukijua ni saa tisa usiku utaanza kupiga hesabu ya muda uliobaki, na hesabu huamsha. Ukihisi dakika kama 20 zimepita, toka kitandani. Kama nyumba ni chumba kimoja, kiti cha pembeni kinatosha. Taa hafifu, simu mbali. Rudi kope zikiwa nzito.

Nenda kwa daktari ukiwa unakoroma na pumzi inakatika, unaamka ukipaliwa, au unasinzia kwenye usukani ilhali ulilala kwa muda wa saa saba. Mwenzako arekodi dakika chache za mkoromo kwa simu, uende nazo.