Kutegua vitendawili vya angani: maswali ya mlinzi wa usiku

Mimi ni mlinzi wa usiku. Vifaa vyangu ni geti, tochi na kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja nimeufunga waya. Kuanzia saa nne hivi, watu wakishalala, mjukuu wangu ambaye naye alitakiwa awe amelala hunitumia kitendawili kwa simu. Kwa kuwa anajua babu yake anakesha chini ya mbingu, siku hizi anatega vya angani tu. Mwanzoni nilikuwa nakosa vitatu kwa kila vinne. Sasa nakosa kimoja kimoja, na wewe ukifuata njia yangu hutachelewa kama mimi.

Kosa langu lilikuwa kukimbilia picha. Nikisoma "daraja", nishajibu upinde wa mvua. Nikisoma "ngoma", ngurumo. "Taa", mwezi. Kumbe picha ni chambo tu. Mtegaji anaitanguliza ili uimeze, na jibu lenyewe kalificha kwenye vitenzi, hasa kwenye upande wa "hana", "haina", "hakuna". Tazama hiki kilivyonitoa jasho:

"Pete haina kidole, jiwe lake liko katikati, na aliyeiona hakulowa."

Nikajibu upinde wa mvua, sikujisumbua hata kuwaza. Akaniandikia: "Babu, umekosa. Toa mji." Sikutoa. Nikamwambia nitakesha nacho.

Nilikesha nacho usiku tisa. Usiku wa kumi mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, na juu kulikuwa na wingu jembamba mno, kama utando unaoganda juu ya maziwa yaliyochemshwa. Nikainua kichwa nipige miayo, nikabaki mdomo wazi: mwezi umezungukwa na duara kubwa la mwanga hafifu, na wenyewe umekaa katikati barabara. Nikanyoosha mkono wote, nikatanua vidole, nikauziba mwezi kwa ncha ya kidole gumba. Ncha ya kidole cha mwisho ikaligusa lile duara. Umbali huo kwa wanaopima anga ni nyuzi 22, na kwa watu wengi kiganja kilichotanuliwa hivyo kinakaribia kipimo hicho. Sababu yake ni barafu. Wingu la juu namna ile lina chembe za barafu zenye pande sita, na mwanga ukipita ndani ya chembe hizo unapindishwa. Jua nalo hupata duara kama hilo, ila usilikodolee macho. Lizibe kwanza kwa ukuta au paa.

Sasa rudi kwenye kitendawili uone nilipojikwaa. Ili uone upinde wa mvua, lazima jua liwe mgongoni kwako na matone yawe mbele. Upinde unajichora kwa nyuzi 42 kuzunguka nukta iliyo kinyume kabisa na jua, na nukta hiyo ni mahali kilipo kivuli cha kichwa chako. Kwa hiyo upinde wa mvua hauna jiwe katikati. Kama kuna chochote pale, ni kivuli chako mwenyewe! Neno "katikati" peke yake lilitosha kunizuia, nami nikaliruka. (Hilo la "hakulowa" silihesabu sana, maana upinde waweza kuuona ukiwa mkavu, mvua inanyesha kwa wengine. Nilimwambia, akanuna.)

Ndipo nikajiwekea swali la kwanza, nalo ndilo kubwa kuliko yote: mwanga unatoka wapi? Mbele yangu, mgongoni, au ndani ya kitu chenyewe? Hilo likijibika, nusu ya majibu unayafuta hapo hapo. Ukitajiwa rangi, uliza nyekundu iko wapi. Kwenye upinde wa mvua nyekundu iko nje, kwenye duara la mwezi au jua iko ndani. Mjukuu alipogundua hilo nimeshalijua, akanitegea hiki: "Ndugu wawili, shuka sare, wa nje kaigeuza." Hapo alikuwa anasema pinde mbili kwa pamoja. Ule wa nje ni hafifu zaidi, na rangi zake zimepangwa kinyume, nyekundu ikiwa ndani. Kati ya ndugu hao anga huwa jeusi kidogo kuliko kwingine. Siku ukiziona zote mbili, angalia hapo katikati.

Kuna kauli nyingine ya hatari: "nikimsogelea ananikimbia". Upinde wa mvua hukimbia, ni kweli, lakini mazigazi hukimbia pia, na upeo wa macho tangu lini ukafikiwa? Hapo usijibu mpaka upate dokezo la pili. Ukungu haukimbii, ukiusogelea unakumeza.

Swali la pili: kina sauti, na kinakaa muda gani? "Mapacha walitoka pamoja, mmoja kafika kabla sijapepesa, mwingine nimemhesabia mpaka tisa." Hiki ni chepesi, umeme na ngurumo, lakini ile tisa haikuwekwa kwa mapambo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Mpaka tisa maana yake radi imepiga kilomita tatu kutoka uliposimama. Mimi hesabu ikishuka chini ya thelathini naacha kiti, naacha mti, naingia ndani ya jengo, na mwenye geti lake atanisamehe. Ukikuta "bubu anacheka nyuma ya ukuta", ni umeme uleule ukiwa mbali. Ngurumo ikishapita kilomita 15 au 20 kwa kawaida haikufikii, lakini mwanga wake unauona ukimulika mawingu.

Muda ndio unaotenganisha kupatwa kwa jua na kupatwa kwa mwezi, ambavyo nilikuwa navichanganya kila mara. "Usiku uliingia mchana, ukatoka kabla sijamaliza kufunga geti." Hilo ni jua, kwa sababu giza kamili la kupatwa kwa jua halizidi dakika saba na nusu, na mara nyingi ni fupi kuliko hapo. "Sahani ya fedha imegeuka shaba, nikazunguka ukuta mzima, bado shaba." Huo ni mwezi, maana wekundu wake huweza kukaa zaidi ya saa moja. Shaba inatokana na mwanga wa jua uliopenya kwenye hewa inayoizunguka dunia. Hewa hutawanya buluu, na wekundu unaosalia unapinda mpaka kuufikia mwezi ulio kivulini. Kama kitendawili kimetaja mwezi mpevu, jua halihusiki, kwa kuwa jua hupatwa tu mwezi unapokuwa mchanga kiasi cha kutoonekana kabisa.

Swali la tatu nimelipata juzijuzi: je, kuna kilichopungua, na kinarudi? Lilitokana na hiki, ambacho kwangu ndicho kitamu kuliko vyote alivyowahi kunitegea:

"Mia wameketi, mmoja kaanguka. Nimehesabu upya, bado ni mia."

Nilituma matone, nikatuma majani, nikatuma mvua ya mawe. Jibu ni kimondo. Sisi husema nyota imeanguka, lakini hakuna nyota iliyotoka mahali pake. Mara nyingi ni kipande kidogo kama punje ya mchanga, kimeingia kwenye hewa kwa kasi ya kati ya kilomita 11 na 72 kwa sekunde, kikawaka juu huko, karibu kilomita mia kutoka ardhini, kikaisha. Ile "bado ni mia" ndiyo ufunguo, nami nilikuwa nashughulika na kuanguka.

Cha kurudi mfano wake huu: "Mtumishi wa mfalme: asubuhi humtangulia, jioni humfuata, usiku wa manane humwoni." Nilitaka kusema mwezi. Lakini mwezi mimi nauona usiku wa manane, ni mwenzangu wa zamu. Huyo ni Zuhura, anayelizunguka jua kwa karibu kuliko sisi, kwa hiyo hatuwezi kumwona akiliacha jua kwa zaidi ya nyuzi 47 hivi. Msimu mmoja hutangulia alfajiri, msimu mwingine hufuata magharibi, hawezi vyote kwa siku moja. Ndiyo maana watu wengi hudhani ni nyota mbili.

Jibu likikaa kwenye madokezo matatu na kugoma kwenye la nne, mimi nalitupa. Usilibembeleze.

Usiku wa kuamkia leo zamu ya kutega ilikuwa yangu. Nikamwandikia: "Akija, mkia uko nyuma. Akiondoka, mkia unamtangulia." Akajibu: kimondo. Nikamwambia kimondo hakiondoki, kinaisha. Akajibu: ndege. Nikamwambia aulize swali la kwanza, jua liko wapi. Akanyamaza dakika kumi nzima, nikadhani usingizi umemchukua. Mara simu ikalia: "Babu, ni nyota yenye mkia. Jua linausukuma mkia, kwa hiyo kila wakati unaelekea mbali na jua. Kuna moja inaitwa Halley, ilipita 1986, itarudi 2061. Utakuwa bado getini?"

Nikampa mji.