Oili ya lori: nyepesi kiasi gani?
Oili nzito kupita kiasi huilazimisha injini kutumia nguvu kuisukuma, na dizeli huliwa bure. Soma kitabu cha gari kwanza. Kikiruhusu oili ya uzito wa 10W-30 yenye daraja la ubora la API CK-4 (API ni taasisi ya mafuta ya Marekani), itakuokolea dizeli kidogo ukilinganisha na 15W-40, iliyo nzito zaidi. FA-4, daraja jingine la API la oili nyepesi zaidi, usiiguse mpaka mtengenezaji wa injini aitaje: utando wake ni mwembamba, na beringi za injini za zamani zinaweza kulika mapema.

Kupima kiwango cha oili, egesha pa tambarare, zima, subiri dakika 15, chomoa stiki ya oili, ifute, chomeka tena, soma. Usipite alama ya juu! Krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ikiichapa oili hutoka povu, presha hushuka, joto hupanda. Filta badilisha kila unapomwaga oili.