Shopingi ya nguo Unguja kwa sisi wa Tanga: uanzie wapi, uishie wapi

Kila Idi ikikaribia au msimu wa harusi ukianza, hapa Tanga swali ni lile lile, "naenda Unguja kutafuta nguo, niende duka gani?" Mi naonaga duka lisikushughulishe sana, shughulika na mtaa. Ukishafika mjini nenda kasimame Darajani, pale sokoni, kwenye Barabara ya Benjamin Mkapa ambayo watu wazima bado wanaiita Creek Road. Zamani pale mkono wa bahari ulikuwa unaingia, Mji Mkongwe ukawa upande mmoja na Ng'ambo upande wa pili. Maji yalishafukiwa siku nyingi ila bei bado zimegawanyika vile vile. Ukivuka kwenda Mlandege na Michenzani, au ukabaki kwenye vichochoro vya Mchangani (hii iko upande wa Mji Mkongwe ila bado ni ya wenyeji), unanunua anaponunua Mzanzibari mwenyewe. Ukishuka kuelekea baharini, Gizenga, Hurumzi, Shangani, unaingia kwenye bei za watalii. Pande zote zina vitu vizuri tu, ila kila upande una vyake, ukichanganya hela inakata kabla hujafika kwenye viatu.

Kabla hujafunga begi pitia kwanza soko la Mgandini na zile barabara za Ngamiani hapa Tanga uone nini kipo na kinauzwaje. Jinzi, tisheti, raba, mitumba, hivyo usivivukie bahari, hapa vipo tele. Cha kufuata Unguja ni abaya, vitambaa vya harusi, kanga zenye machaguo mengi, kanzu na kofia, makubadhi, mikoba ya ukili (majani makavu yaliyosukwa), na vito kama mfuko unaruhusu. Alafu pita kwa fundi wako akupime na akuandikie kila mshono unataka kitambaa kiasi gani, na muulize anahesabu yadi au mita, maana yadi moja ni sentimita 91 tu, fundi akisema mita tano we ukakatiwa yadi tano umepungukiwa karibu nusu mita, na kwenye gauni la mkia nusu mita ni mkia wenyewe huo.

Safari siielezi sana. Kuna meli ya Tanga inayopitia Pemba, haiondoki kila siku kwa hiyo ratiba ulizia bandarini mapema, la sivyo ni basi mpaka Dar afu boti ya kama saa mbili hivi. Kitambulisho usisahau. Sisi tunajulikana kwa waja leo waondoka leo lakini kwa shopingi hii leo peke yake haitoshi, lala angalau usiku mmoja, siku ya kwanza zunguka uulize bei, ya pili ndo ununue.

Haya, anzia Mchangani na Mlandege ukiwa bado una nguvu, asubuhi jua halijawa kali. Hapa ndo kuna kanga, vitenge, madera, mitandio, lesi, satini, shifoni, vitambaa vya sare za harusi, maduka yamebanana na bidhaa zimening'inizwa mpaka juu ya mlango, unapita umeinama. Kama mnatafuta sare ya watu wengi usiombe pisi mbili mbili, sema toka mwanzo kwamba unataka jumla na utaje idadi, na uhakikishe mzigo wote ni wa robota (furushi) moja kwa sababu rangi ya robota hili na lile zinaweza kupishana kidogo, dukani huoni, mtaiona kwenye picha za harusi mkiwa mmejipanga.

Kanga nayo ina namna yake ya kununuliwa. Usiridhike na ile iliyokunjwa, mwambie afungue doti yote. Angalia pindo zimenyooka pande zote nne, mji, yaani lile eneo la ndani ya pindo, umekaa katikati, na vipande vyote viwili viko sawa, kuna doti kipande kimoja kizuri cha pili jina (yale maandishi) limepanda juu mpaka linagusana na maua. Iinue juu uiangalie kwa mwanga uone nyuzi zimeshonana au unamwona muuzaji kwa upande wa pili. Afu shika kona uifikiche kwa vidole, ikidondosha unga mweupe ujue uzito wote ule ni wanga, ukiifua mara moja inalegea. Chovya kona ya leso nyeupe kwenye maji uisugulie kwenye nyekundu au nyeusi ya kanga, muuzaji mwenye mali nzuri wala hakasiriki. Na jamani soma jina! Usimpelekee wifi kanga ya kijembe eti kwa sababu rangi imekuvutia, ataisoma yeye na atawasomea na majirani. Kama ni ya bi harusi ulizia kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, haipitwi na wakati.

Abaya na mabaibui mengi yanatoka Dubai na Oman na ndo kitu wadada wengi wa Tanga wanakifuata. Saizi zake zinaandikwa kwa inchi za urefu, 52, 54, 56, 58, kwa hiyo jipime ukiwa nyumbani toka begani mpaka kifundo cha mguu, uwe umevaa viatu utakavyovalia. Ukishajua we ni 56 basi hata likiwa zuri vipi la 60 liache, kulikata chini unapoteza tarizi ya pindo na ndo uliyoilipia. Pitisha mkono kwenye mawe yaliyobandikwa, ya gundi yanakwaruza na mengine yanakubakia mkononi hapo hapo, yaliyoshonwa yana uzi ukigeuza ndani. Kitambaa cheusi kitoe nje ya duka ukitazame juani, taa za dukani zinaficha weusi wa kijivu kijivu.

Kuhusu bei, salamu kwanza. Yaani usiingie duka la Mzanzibari ukaanza na "hii bei gani", toa salamu, kama ni mtu mzima mpe shikamoo yake, uliza za asubuhi, afu ndo uguse nguo. Lafudhi yetu ya Tanga inasaidia sana kule, ukiongea taratibu wanakuona ndugu, utaitwa mwanangu, utaitwa bibie, na bei inashuka bila ugomvi. Usikate nusu kwa nusu kama mtu anayegombana, omba kidogo kidogo, "nipunguzie basi natoka Tanga na nauli bado", ikigoma chukua vitu viwili uombe bei ya pamoja. Maduka mengine bei ni ya kubandikwa, hayo usipoteze mate.

Wanaume nyie mambo yenu mafupi. Kanzu hapo hapo Darajani na Mchangani zipo za kila aina, ile ya Kiomani yenye kishada shingoni na ile ya kwetu yenye tarizi kifuani, nazo saizi zake ni inchi. Hela iweke kwenye kofia. Kofia iliyoshonwa kwa mkono inachukua wiki mpaka miezi kuimaliza, kila kitundu kimezungushiwa uzi peke yake, ya mashine matundu yote yanalingana sawasawa na ndani ina nyuzi zinaruka kutoka ua hadi ua. Tofauti ya bei ni kubwa mno kwa hiyo igeuze uone ndani kabla hujalipa bei ya mkono. Kikoi chukua cha kufumwa chenye matamvua, cha kuchapwa rangi yake iko upande mmoja tu.

Sasa ukimaliza huko shuka upande wa bahari, na uwe na bajeti yako kichwani. Mi nisingeenda huku kutafuta gauni, magauni ya vitenge yanayoning'inia Gizenga fundi wako wa Ngamiani anakushonea vizuri zaidi na likakukaa. Huku fuata ngozi na urembo. Gizenga kuna Surti & Sons wanaotengeneza viatu vya ngozi kwa mkono, na vibanda vya makubadhi viko njia nzima. Ngozi itazame pale ilipokatwa pembeni, ya kweli utaona nyuzinyuzi, ya bandia utaona tabaka la plastiki limelalia kitambaa. Kunja soli, ikilia kama karatasi iache. Barabara ya Kenyatta, Shangani, kuna Fahari Zanzibar wenye mikoba ya ngozi iliyoshonwa na kina mama wa pale, na Memories of Zanzibar ambalo ni duka kubwa la vitu mchanganyiko, bei haijadiliwi ila ni pazuri kuonea dizaini. Mikoba na vikapu vya ukili ulizia Moto, ushirika wa wanawake wa kijiji cha Pete kule njia ya Jozani. Mkoba wa ukili ukiutia pete mbili za shaba na mshipi wa ngozi unaingia harusini vizuri kabisa, wala hauhitaji pochi ya kung'aa.

Vito navyo vina mambo yake. Dhahabu inauzwa kwa gramu, angalia muhuri, 750 ni karati 18, 875 ni karati 21, 916 ni karati 22, na umwambie sonara akupimie mbele yako, mawe yakiwepo uulize kama uzito wake umehesabiwa kwenye dhahabu. Fedha nzuri ina 925. Tanzanite inachimbwa Mirerani tu, haichimbwi Zanzibar wala popote pengine duniani, sasa anayekuuzia jiwe kubwa la buluu njiani kwa bei ya chipsi anakuuzia chupa. Nenda duka linalotoa cheti na risiti au achana nayo, shanga na bangili za shaba zinapendeza sana tu. Ukionyeshwa bangili au kitana cha gamba la ng'amba, yule kasa, usiguse hata kama ni bei ya kutupa, ni biashara haramu na ukikamatwa nayo bandarini hakuna wa kukutetea.

Muda nao uangalie. Ijumaa mchana watu wako msikitini na maduka mengi yanafungwa. Ramadhani mchana kumepoa, uhai unaanza baada ya futari, na kumi la mwisho pale Darajani usiku hupati pa kukanyaga, machaguo ni mengi kweli lakini nafasi ya kufungua doti na kufikicha kona haipo. Anayeenda kwa ajili ya Idi aende Shaabani, tena mafundi wa Tanga nao ikifika kati ya mfungo hawapokei kitambaa cha mtu.

Kurudi, risiti zote ziweke mfuko mmoja. Ukishukia bara mizigo inakaguliwa na forodha, nguo zako chache za kuvaa kwa kawaida hazina shida, ila ukija na robota la abaya za kuuza wataliona na unaweza kutakiwa ulipie tofauti ya ushuru, kwa hiyo kama nia ni biashara iingize hiyo kwenye hesabu kabla hujapanga bei ya kuuzia. Abaya za mawe zigeuze nje ndani uzikunje kwa kuviringisha, kofia ijaze leso ndani isibonyee na uibebe mkononi, makubadhi yatie mfuko wake peke yake maana ngozi mpya inaachia rangi.