Kabla ya Kufungua Mada ya Moli, Jipime kwa Magadi

Likizo ya Desemba ikifika, wanafunzi wengi wa Moshi wanaosubiri kuingia kidato cha tatu hukimbilia tuisheni ya moli, kile kipimo cha wingi wa chembe katika kemia. Kwa maoni yangu, huko ni kuezeka nyumba isiyo na kuta. Anayekwama kwenye moli mara nyingi hajakwamishwa na moli yenyewe, bali na fomula alizofundishwa kidato cha pili akazikariri bila kuzielewa.

Kipimo kipo jikoni: magadi, yale yanayowekwa kwenye makande na kiburu. Je, ni elementi, kampaundi au mchanganyiko? Magadi ghafi ni mchanganyiko. Ndani yake mna sodiamu kaboneti, chumvi ya kawaida na uchafu mwingine. Sasa funga daftari uandike fomula ya sodiamu kaboneti. Sodiamu ina valensi (uwezo wa kuungana na atomi nyingine) 1, radikali ya kaboneti, yaani kundi la atomi linaloungana kama kitu kimoja, ina 2, kwa hiyo ni Na₂CO₃. Kama umeandika NaCO₃, usiendelee mbele. Rudi kwenye elementi 20 za kwanza, haidrojeni hadi kalsiamu, uchore mpangilio wa elektroni wa kila moja. Sodiamu ni 2,8,1. Ile 1 ya mwisho ndiyo inayokupa valensi, hakuna haja ya kuikariri. Radikali ndizo za kukariri kweli: naitreti, haidroksaidi na amonia yenye chaji (NH₄⁺) zina 1, salfeti na kaboneti 2, fosfeti 3. Chuma kina 2 au 3, shaba 1 au 2, na hapo ndipo mtihani hupenda kutega.

Kisha sawazisha mlinganyo. Magadi yakikutana na asidi hutoa povu la kabonidayoksaidi. Hata ukiyakamulia ndimu utaliona. Kwa asidi ya haidrokloriki:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Namba za mbele unaruhusiwa kubadilisha, zile ndogo za chini hapana kabisa. Ukigeuza H₂O kuwa H₂O₂ ili hesabu ikae sawa, hujasawazisha kitu, umeleta kemikali nyingine.

Hesabu nayo ni ya darasani kwenu tangu shule ya msingi. Jumlisha uzito wa atomi zilizomo kwenye Na₂CO₃: 23 mara mbili, jumlisha 12, jumlisha 16 mara tatu, unapata 106, yaani gramu 106 kwa kila moli. Kwa hiyo gramu 5.3 za sodiamu kaboneti, ukigawa kwa 106, ni moli 0.05. Kama nukta inakuhangaisha, au hujui kwamba sm³ 25 ni sawa na dm³ 0.025, tumia jioni mbili hapo kabla ya kulaumu kemia.

Njia za kutenganisha mchanganyiko zipitie haraka, lakini uelewe kila njia inatoa nini. Wa Arusha wana mfano wao. Baadhi ya vijiji vya Arumeru vina maji yenye floraidi nyingi, ambayo huacha meno ya watoto na rangi ya kahawia. Kuyachuja kwa kitambaa hakusaidii, kwa sababu floraidi imeyeyuka. Kuyachemsha huua vijidudu tu. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani. Ungeukusanya ule mvuke na kuupoza, ungepata maji yasiyo nayo. (Na ukiona maji ya Arusha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kipimajoto hakijaharibika. Ile 100 ya kitabuni ni ya usawa wa bahari.)

Maabara ina mambo machache ya kukumbuka. Asidi kali humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Harufu ya gesi huvutwa kwa kupunga mkono, pua ikiwa mbali. Na bureti, ule mrija wenye vipimo wa kudondoshea kimiminika, husomwa chini ya mpindo wa kimiminika, jicho likiwa usawa wa mstari, hata kama inakubidi upige magoti.