Kabla Hujawasha Moto Chini ya Michungwa

Februari ndiyo mwezi wa moshi Muheza. Masika yako mlangoni, kila mtu anafyeka, anakokota majani, anawasha. Siku moja ya msimu huo nilipitia shamba la bibi mmoja mwenye michungwa na mihogo, nikamkuta kashika panga, khanga kaifunga kiunoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja, bwana shamba. Nyoka huyo kaingia hapo, tena ana miguu!"

Alikuwa ameinua kumbi la nazi na kukuta kitu cha rangi ya shaba, kinang'aa kama kimepakwa mafuta, unene wa kidole. Panga lilipata mkia tu. Mkia ukabaki unarukaruka juu ya udongo, mwenyewe ameshazama mchangani.

Hakuwa nyoka. Alikuwa mjusi wa jenasi (yaani kundi la ndugu wa karibu) ya Mochlus, mwenye vimiguu vifupi na shingo isiyojulikana ilipoanzia. Akikimbia hujinyonga kama nyoka, na hilo ndilo linalomponza. Sumu hana. Mkia humea tena, lakini humo ndimo anamoweka mafuta ya akiba, kwa hiyo aliyekatwa mkia ni sawa na kaya iliyounguliwa na ghala.

Watu wa pwani tangu zamani wanatofautisha mjusi kafiri, yule wa ukutani mwenye ngozi ya kukwaruza, na mjusi islamu, laini, magamba yamelala kama vigae. Hawa wa pili wana ukoo mkubwa mno, zaidi ya spishi 1,700 duniani. Wale ambao wataalamu huwaita hasa mijusi wa ardhini, jenasi ya Scincella, wako Asia na Amerika. Kope yao ya chini ina kidirisha kinachopitisha mwanga, hivyo hufumba macho mchanga usiingie na bado wakaona. Huku kwetu kazi ya chini ya majani inafanywa na ndugu zao.

Mdogo kuliko wote utakayemkuta shambani ni wa jenasi ya Panaspis. Bila mkia hafiki urefu wa kidole chako. Yeye hafumbi macho kabisa. Kope zimeungana zikawa kioo. Mwenye mistari miwili myeupe mgongoni, anayeota jua kwenye ua na magogo, ni Trachylepis striata, na huyo hatagi, anazaa watoto. Shuka mpaka kwenye miamba ya matumbawe ufukweni, utamkuta mwingine mweusimweusi akiwinda vidudu na vijikaa pale maji yanapokupwa. Panda Usambara, kuna Proscelotes eggeli, wa milima hiyo, vimiguu vyake ni vifupi mno. Na katika misitu ya milima ya nchi hii wapo wa jenasi ya Melanoseps ambao miguu hawana kabisa. Ukimkuta mmoja wao umemwita nyoka, sikulaumu.

Sasa shamba linapata nini? Mijusi hawa wanakula mchwa, nyenje, panzi wadogo, viwavi wanaotembea chini na buibui. Nisikudanganye: hawachagui, hata mdudu rafiki wanamla. Wala hawatakuokolea mahindi na viwavijeshi, maana kiwavijeshi amejificha juu kwenye moyo wa mhindi na mjusi yuko chini. Ukaguzi wa shamba ni wako. Lakini chini ya michungwa, ambako mchwa na nyenje hawakosekani, ni wafanyakazi wasiodai posho.

Wanachohitaji ni kilekile ambacho mchungwa wako unahitaji: ardhi iliyofunikwa. Kwa hiyo majani ya palizi usiyachome, yatandaze. Acha nafasi ya futi moja kuzunguka shina ili gome lisikae na unyevu likaoza. Makumbi ya nazi tuliyonayo bure Pangani na Muheza yapange kati ya mistari, upande wa ndani ukitazama chini. Yakitazama juu yanateka maji ya mvua na utakuwa umefuga mbu. Yakilala vizuri, chini yake udongo unabaki na ubaridi hata jua la Januari likiwaka, na humo ndimo mjusi anamoshinda.

Yapo ya kuchoma, sikatai. Matawi yenye ugonjwa usiyaache shambani. Ila yachome mapema, lundo likiwa bado halijapata wakazi. Lundo lililolala mwezi mzima lina wapangaji. Lifumue kwanza kwa reki au mti mrefu, ulisogeze, halafu uwashe kutoka upande mmoja tu ili upande wa pili ubaki mlango. Hiyo ni kazi ya robo saa.

Dawa ndiyo inayonisumbua zaidi. Mtu akiona kichuguu kimoja ananyunyizia ekari nzima. Mjusi anakula mchwa anayekufa, na sumu inaingia naye. Tibu pale penye tatizo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo, siku isiyo na upepo. Pulizia saa kumi na mbili asubuhi au muda mfupi baadaye. Mijusi hawa husubiri jua liwapashe joto ndipo watoke, na nyuki nao huwa hawajaanza kazi.

Wakati wa palizi jembe likifukua vijiyai vyeupe vyenye ganda laini, vifukie hapohapo bila kuvigeuza. Yai la mjusi si kama la kuku. Likigeuzwa, kilichomo kinaweza kufa.

Kuku wa kienyeji hamwachii mjusi, na paka ndiyo usiseme. Rundo dogo la mawe mpakani mwa shamba linawapa pa kukimbilia. Liweke mbali na nyumba, kwa sababu kifutu naye anapenda mahali kama hapo, na huyo ni nyoka kweli. Usiingize mkono chini ya jiwe wala kumbi. Geuza kwa jembe, miguuni vaa buti.

Yule bibi aliniuliza swali moja tu baada ya maelezo yote hayo: "Mihogo yangu hali?" Nikamwambia hali. Akalirudisha kumbi mahali pake. Nilipopita tena kupalilia kumekwisha, alinipeleka mwenyewe kwenye mstari wa tatu, akainua kumbi kwa ncha ya jembe. Alikuwepo mmoja, mkia kibutu, umeota kwa rangi tofauti na mwili.

"Huyo wangu," akasema, akafunika.